Waliokuwa Mwisho wa Mfereji

Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kwenye banio, pale mfereji unapochota maji ya mtoni na kuanza kushuka katikati ya migomba. Nyumba ya kina rafiki yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, kule chini ambako migomba inakwisha na nyasi za tambarare zinaanza. Kati yetu palikuwa na nyumba thelathini, na mwendo wa karibu saa nzima ukifuata ukingo wa mfereji. Sidhani kama kuna mtu aliyeupita ukingo ule mara nyingi kuliko sisi wasichana wawili. Tulikuwa marafiki tangu darasa la tatu, na kila mmoja alikula kwa mwenzake kama anavyokula kwao.

Kijiji chetu kiko juu ya Tengeru, ubavuni mwa Mlima Meru. Mfereji ulichimbwa na babu wa babu zetu, nasi tuliukuta una taratibu zake. Kila nyumba ilikuwa na zamu, yaani siku yake ya kufungulia maji shambani, na kila nyumba ilitoa mtu siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kutengeneza banio. Asiyetoka msaragambo alikosa zamu. Baba yangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Hakuandika popote, zamu zote alikuwa nazo kichwani, na sikumsikia akizikosea.

Shuleni mwalimu wa hesabu alituita pacha, kwa sababu tulikaa dawati moja na kusomea kitabu kimoja. Jina likatushika. Hata tulipokuwa watu wazima rafiki yangu hakuniita kwa jina langu. Aliniita pacha, nami nikamwita hivyohivyo. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa. Mimi nilikokotoa, yeye aliona. Nikiwa bado katikati ya ukurasa, yeye ameshaweka kalamu chini anaangalia nje, akinisubiri bila kuniharakisha.

Mama yake alikuwa na sheria moja kwetu. Akitupa gimbi moja la kuchemsha au kipande cha muwa, alisema anayekata hachagui: mmoja akate, mwenzake achague. Nilipokata mimi, nilipima kwa jicho hadi gimbi likapoa. Alipokata yeye, alikata upesi, upande mmoja mkubwa waziwazi, kisha akaniangalia usoni aone kama nitaona haya. Mara nyingi sikuona haya. Nilichukua kikubwa, naye akacheka.

Tulipokuwa kidato cha nne baba yake alifariki. Matokeo yalipotoka, sote wawili tulikuwa tumechaguliwa kuendelea. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza, wadogo zake walikuwa wanne, na mama yake hakuweza shamba na ng'ombe peke yake. Hakwenda. Siku ninaondoka alinisindikiza hadi barabara ya lami, sanduku langu likiwa kichwani mwake, nami natembea mikono mitupu kwa sababu alikataa nimpokee. Aliniambia nikirudi likizo nimfundishe kila nitakachofundishwa. Nikamwambia nitamfundisha.

Nilimfundisha kweli. Kila likizo nilishuka na madaftari yangu, tukakaa kwenye benchi nje ya jiko la mama yake, yeye akichambua maharage, mimi nikisoma. Aliendelea kuwa mbele yangu hata kwa masomo ambayo hakuwa ameyasikia kabla ya siku hiyo. Nilipofika chuo kikuu nikakutana na somo wanaloliita nadharia ya michezo. Nilirudi nikiwa na hamu ya kumsimulia. Nikamwambia tuchukue watu wawili ambao mfereji wao umeziba. Kila mmoja ana jembe. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake akizibua, maji yatamfikia na yeye bila kutoa jasho. Basi kila mmoja anakaa kumsubiri mwenzake, na mashamba yote mawili yanakauka.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo Wazungu wamekaa wakaandika kitabu kuhusu msaragambo?"

Nilicheka hadi mama yake akatoka jikoni kuona kuna nini. Nikiulizwa leo wakati gani wa maisha yangu ningependa kurudishiwa, nitataja alasiri zile kwenye benchi lile.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa, mitumba ikamwagwa chini siku za gulio pale Tengeru, na kila aliyeweza kuuza kitu akauza. Kahawa, ambayo ndiyo iliyotusomesha, bei yake ikaanguka. Watu wakaanza kuing'oa kimyakimya, mche leo, mche kesho, na mahali pake wakapanda nyanya, vitunguu na maharage mabichi. Wanunuzi walipanda na pikapu kutoka mjini, na walichotaka ni mboga za kiangazi, wakati ambapo kwingine hakuna.

Kahawa na migomba vilijua kusubiri. Zamu ikija mara moja kwa wiki mbili, vilishukuru. Nyanya hazisubiri. Maji yaleyale yaliyotutosha tangu enzi za mababu yakawa hayatoshi tena. Watu wa juu wakawa wanafungulia siku isiyo yao, kidogo tu, kwa jembe moja la udongo, na kila jembe la udongo lililoondolewa juu lilikuwa shamba zima lililokauka chini. Wazee wawili wa kanisa walioimba kwaya pamoja miaka yote wakaacha kusalimiana. Baba akawa analala na kuamka na malalamiko.

Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha. Jumapili moja baada ya chakula baba alinikalisha akasema kwamba zamu za kichwani zimemshinda. Akasema, "Wewe ndiye tuliyekusomesha. Tupangie."

Nilimwambia siwezi kupanga bila kupima, na siwezi kupima peke yangu. Nikashuka hadi chini kumwomba rafiki yangu anisaidie.

Tulipima kwa wiki mbili. Tulichagua sehemu zilizonyooka, tukaweka jiwe mwanzo na jiwe mwisho, mimi nikadondosha jani kavu la kahawa majini, naye akiwa amesimama kwenye jiwe la pili na saa ya mkono ya baba, akitaja sekunde jani linapopita. Upana tulipima kwa fito, kina kwa rula yangu ya shule. Tulianza kwenye banio tukashuka nyumba kwa nyumba. Watu walitoka kutuangalia, wengine wakatuletea ndizi. Tulikuwa tumefika miaka ya ishirini na kitu, na bado tulikuwa tunasukumana ukingoni kama watoto.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo namba zilivyopungua. Udongo ulikuwa unakunywa. Tulipofika kwao, ilikuwa wazi kwamba kati ya madebe matatu yaliyoachiwa juu kwa ajili yao, lililofika lilikuwa moja, na si kwa sababu ya wezi peke yao. Mfereji wenyewe uliyala maji njiani. Aliandika namba ya mwisho kwa mkono wake, akaliangalia daftari kitambo, kisha akanirudishia saa.

Nilikaa mezani kwa baba siku nne na karatasi za mirabaraba. Swali nililojiuliza lilikuwa lile nililofundishwa kuuliza: kwa maji haya tuliyonayo, tugawe vipi ili mavuno ya mfereji mzima yawe makubwa iwezekanavyo? Jibu lilikuja upesi, na lilikuwa moja kila nilipolirudia. Kiangazi, maji yasipite nyumba ya ishirini na tano. Tone linalopelekwa chini linapotelea ardhini. Likiachwa juu linakuwa nyanya. Nyumba za mwisho tisa zisipewe zamu ya kiangazi kabisa. Zilime kwa mvua na zifuge.

Nyumba yetu ingepata maji kila siku ya nne.

Sikudanganya popote. Nasema hivyo kwa sababu baadaye kuna watu waliosema nilidanganya, na kwa miaka mingi nilitamani iwe kweli, maana udanganyifu mtu anautubu. Nilitafuta kosa kwa siku mbili zaidi. Rafiki yangu alipanda mara moja kuniuliza kama nimemaliza. Nilimwambia bado. Nilikuwa nimemaliza.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Nilichora mfereji ubaoni, nikaandika vipimo, nikaeleza. Nilieleza vizuri. Watu wa juu walitikisa vichwa kukubali kabla sijafika mwisho. Watu wa chini walikuwa wamekaa nyuma, upande wa dirisha, na nilipotamka habari za nyumba tisa hawakupiga kelele. Mzee mmoja kati yao aliuliza kama watasamehewa msaragambo. Baba akasema asiye na zamu hana msaragambo, hiyo ndiyo haki. Mzee akasema sawa.

Ndipo rafiki yangu aliposimama. Wanawake vijana hawakuwa na kawaida ya kusema kwenye mkutano wa mfereji, lakini yeye alikuwa amesimamia zamu ya kwao tangu baba yake alipofariki, na hakuna aliyemkatiza. Aliwaamkia wazee. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida:

"Kama maji hayafai kushuka, basi sisi tupande. Kila nyumba ya juu itukatie kipande kidogo, kiangazi tu, tulime hukohuko kwenye maji. Masika ikija tunarudisha, na nyinyi mnaleta ng'ombe wenu kwenye malisho yetu. Maji hayapotei, na hakuna anayeachwa."

Mtu mmoja wa juu alicheka kidogo puani. Mwingine akasema ardhi ya Mmeru haiazimwi kama ungo. Lakini baba hakucheka. Alinigeukia mimi, akaniuliza mbele ya wote, "Hesabu inasemaje juu ya hilo?"

Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi. Na nilijua. Haikuhitaji hata karatasi. Maji yangekuwa yaleyale, ardhi ya juu ileile, mavuno yaleyale makubwa niliyoyatafuta; tofauti ni kwamba yangeliwa na nyumba zote badala ya zile za juu tu. Lilikuwa jibu bora kuliko langu, na mtu aliyelitoa alikuwa amenitangulia tena kama kawaida. Lakini nilijua pia vipande vingeanza kukatwa wapi. Vingeanza kwa mwenyekiti, kwenye shamba lililonilea, na wakati ule mama yangu alikuwa amekwisha tia nyanya zake ardhini.

Nikasema, "Hilo sikulipigia hesabu."

Ilikuwa kweli. Baba akaitikia kwa kichwa, mkutano ukaendelea, na mpango wangu ukapita.

Kesho yake rafiki yangu alinikuta mtoni nachota maji. Alikuwa ameomba karatasi zangu kwa baba akakaa nazo jioni yote. Alinirudishia zikiwa zimekunjwa vizuri.

"Nimezipitia," alisema. "Hakuna kosa. Hata mimi ningepata hilohilo."

Nilianza kumshukuru. Akasema, "Lakini swali la baba yako ulilijua jibu lake, pacha. Nilikuona usoni ukilijua."

Alisubiri, kama alivyonisubiri darasani nimalize ukurasa. Nilipokawia sana, alininyanyulia ndoo akanitwika, kwa sababu ilikuwa nzito na mimi nilikuwa peke yangu, akashuka.

Kiangazi kile mashamba ya juu yalistawi kuliko miaka yote. Pikapu zilipanda hadi mlangoni kwetu. Huko chini walimaliza mahindi ya akiba, wakauza mitamba, na kabla ya mvua za vuli familia tano kati ya zile tisa zilikuwa zimehama. Mama yake rafiki yangu alikuwa na dada aliyeolewa na Mwarusha kule Olasiti, magharibi ya mji, penye nafasi ya kulima mahindi na kufuga mbuzi. Wakahamia huko. Hakuja kuniaga, nami siku ile nilijipa kazi nyuma ya nyumba.

Muda si mrefu nikapangiwa shule mjini, nikapanga chumba Sekei. Kutoka Sekei hadi Olasiti ni mwendo ambao mtu mzima anautembea kwa asubuhi moja akipenda. Kila Jumamosi nilisema nitakwenda. Niliwahi kununua sukari na majani ya chai kwa ajili ya mama yake, nikavaa, nikatoka, nikafika hadi katikati ya mji, nikageuka. Ile sukari niliinywa mwenyewe. Wakati wa kusahihisha madaftari nilikutana na mwanafunzi aliyefika kwenye jibu kwa njia fupi ambayo sikuifundisha, nikamtafuta kwa macho mtu wa kumwonyesha, na chumbani hapakuwa na mtu. Hiyo ndiyo hali niliyoishi nayo. Wengine walikuwa wananizunguka, walimu wenzangu, watu wa usharika, hata aliyekuja kuwa mume wangu. Lakini yule ambaye akili yangu ilikuwa imezoea kuzungumza naye alikuwa upande wa pili wa mji, na nilikuwa namwogopa.

Mwaka wa pili masika ilikuja kwa nguvu. Mto ulishuka na magogo na mawe, ukang'oa banio lote na kula mfereji sehemu mbili. Baba akatangaza msaragambo. Siku hiyo walitokea watu saba.

Miaka ya nyuma zilikuwa zikija nyumba zote, na waliokuwa wa kwanza kufika, wenye majembe mengi zaidi, walikuwa wale wa chini. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini. Aliye mwisho wa mfereji anahitaji kila hatua ya mfereji iwe nzima; ufa wa mahali popote ni msiba wake. Wa juu anahitaji hatua chache tu. Basi wa chini walikuwa wanatutengenezea mfereji wetu miaka yote kwa sababu ya kiu yao, na mimi nilipopiga hesabu ya maji sikuhesabu mikono. Sasa kila mtu wa juu alisema banio liko kwa mwenzake, mwenzake atalitengeneza. Walikaa wakitazamana. Kiangazi kilipofika, nyanya zikakauka kuanzia kwetu.

Baba alikuja Sekei siku ya shule, amevaa koti lake la kanisani. Sikuwahi kumwona mjini bila sababu. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaniambia anakwenda Olasiti, na anaomba nimsindikize kwa kuwa hajui njia. Aliijua njia, alikuwa ameuza ng'ombe huko ujana wake wote. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule tukaondoka.

Olasiti ya wakati huo ilikuwa vumbi na mahindi mafupi. Tulimkuta mama yake rafiki yangu anapepeta maharage mbele ya nyumba ya udongo iliyopakwa vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, bila kunyima neno hata moja. Alitutolea viti, akatuwekea maziwa. Baba hakukaa. Alivua kofia akaishika mbele yake, akasema amekuja kuomba msamaha, na amekuja kuwaomba warudi, zamu yao ipo, na shamba lake yeye atakata kipande cha kwanza kwa mkono wake.

Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mzee, njaa hatukuwa wageni nayo. Ningeivumilia. Lakini ulinitoa kwenye zamu. Mume wangu alikuwa na zamu, na baba mkwe wangu alikuwa na zamu. Mimi uliniambia nikae nje, halafu mkaniambia nimesamehewa kazi."

Baba akasema, "Ndiyo, mama. Hivyo ndivyo nilivyofanya."

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kuizungusha ile nyumba kwa macho, mlango wa nyuma, kamba ya nguo, zizi. Hatimaye nikauliza pacha yuko wapi.

Alikuwa ameondoka mwezi uliopita. Jamaa wa shangazi yake walikuwa wanalima mpunga Usangu, mkoa wa Mbeya, wakamwita akawasaidie kusimamia mashamba. Mama yake aliniambia hayo taratibu, huku akiendelea kuchagua mawe kwenye ungo. Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Alisema utakuja. Kila Jumamosi alisema hivyo. Baadaye akasema labda kazi ya ualimu ni nyingi."

Baba aliniangalia, akaangalia pembeni.

Familia tatu zilirudi kijijini. Mama yake hakurudi. Alisema amechoka kuhama. Nyumbani tulikaa upya na baba mezani, na safari hii nilipiga hesabu ya swali lililonipita: tugawe vipi ili kila nyumba iwe na sababu ya kushika jembe? Tulifikia kwamba zamu ianzie chini. Maji yafike kwanza nyumba ya mwisho, kisha zamu ipande nyumba kwa nyumba, na wa juu apate baada ya wote. Hapo wa juu akaanza kutembea ukingo mzima akitafuta ufa, kwa sababu maji yakichelewa chini yanachelewa kwake. Na vile vipande vya kiangazi vilikatwa, vidogo, kwa manung'uniko mengi, kikianza cha baba. Kwa karatasi mavuno yalikuwa pungufu ya yale ya mpango wangu wa kwanza. Lakini msaragambo uliofuata walikuja watu wa nyumba zote. Baba alifariki miaka michache baadaye akiwa bado mwenyekiti.

Niliandika barua Usangu. Niliandika tatu. Sikupata jibu, na sijui kama zilifika. Habari zake nilizipata kwa mama yake, maana baada ya siku ile nilikuwa nakwenda Olasiti kila mwezi, nimechelewa lakini nikaenda. Niliambiwa ameolewa. Niliambiwa ana watoto, wa kwanza wa kike, ana akili sana.

Mama yule alipofariki alirudishwa kuzikwa kijijini, kwenye shamba lao la mwisho wa mfereji, kando ya mumewe. Rafiki yangu alifika na basi asubuhi ya mazishi. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi kwenye paji, na alitembea kama mtu mwenye mambo mengi ya kupanga. Alinikumbatia kama alivyomkumbatia kila mtu. Tulikaa mkeka mmoja na wanawake wengine, mikono yetu ikiwa imeshikana, tukaulizana habari za watoto na za safari.

Baada ya mazishi alikwenda kunawa udongo mikononi kwenye mfereji. Nilimfuata. Ilikuwa Jumanne ya kiangazi na maji yalikuwa yanapita, si mengi, masafi. Alichutama akayaangalia.

"Yanafika," alisema.

"Yanafika. Zamu inaanzia hapa kwenu."

Nikaona kwamba nisipolisema sasa sitalisema tena, nikaanza, "Pacha, siku ile darasani, baba aliponiuliza..."

"Ile ilikwisha," alisema. Hakuwa na hasira. Alivua viatu akanipa. "Nishikie, niingie."

Akaingia majini na gauni lake la msiba hadi kwenye vifundo vya miguu, akasimama hapo. Nilisimama ukingoni na viatu vyake. Nilitaka aniulize jambo, lolote, hesabu yoyote, anitangulie kulijibu. Alitoka, akavaa viatu, tukarudi kwa watu.

Alikaa siku tatu kwa ajili ya ndugu. Siku ya kuondoka nilimsindikiza stendi ya mjini alfajiri, na safari hii mimi ndiye niliyebeba begi, hakukataa. Alisema niende Usangu kumtembelea, mpunga ukiwa umechanua ni mzuri kuangalia. Nilisema nitakwenda. Tulizungumza kuhusu kama dereva atasimama njiani ili abiria wale chakula. Akapanda. Nilisimama upande wa kulia wa basi nikitafuta dirisha lake, kumbe alikuwa amekaa kushoto, na nilipozunguka kwenda upande huo basi lilikuwa limekwisha kugeuka barabarani. Nilipunga mkono hata hivyo. Kisha nikarudi Sekei kwa miguu, polepole, kwa sababu siku hiyo sikuwa na kipindi hadi saa nne.